Mashine ya kupumulia: inafanya nini, na namba zake zina maana gani

Kuna wanaosema: wakimuweka mtu kwenye mashine, basi ameisha. Hapa Kalemie neno hilo linarudi kila mara familia inapoambiwa mgonjwa wao apelekwe Lubumbashi ao Kinshasa. Tangu Covid-19 iingie nchini kwetu, Machi 2020, watu wengi wamesikia juu ya ile mashine, lakini wachache wameelezwa kazi yake.

Kwanza tusichanganye. Mgonjwa mwenye kampira kadogo puani anapewa oksijeni tu. Pumzi anavuta yeye mwenyewe. Hewa tunayovuta kila siku ina oksijeni 21 kwa 100, na mtungi unaongeza hapo. Mashine ya kupumulia ni kitu kingine. Yenyewe inasukuma hewa paka ndani ya mapafu, kupitia mpira unaoingizwa mdomoni na kushuka kwenye bomba la pumzi. Ni ya mtu ambaye misuli yake imechoka, ao mapafu yamejaa, ao ubongo umeacha kuamuru pumzi, kama inavyoweza kutokea kwa malaria kali. Haiponyeshi ugonjwa. Inabeba kazi ya kupumua wakati dawa zinafanya kazi yao. Wanaowekwa humo ni wale ambao hali yao ni mbaya sana tayari, ndiyo maana wengi wanakufa na mashine inalaumiwa.

Mambo haya yalianza na polio, ugonjwa ambao kila mzazi wa Tanganyika anaujua juu ya kampeni za chanjo. Mwaka 1952 polio ilivamia mji wa Copenhagen, Denmark. Kwa wale ambao pumzi ilikamatwa, karibu 9 kwa 10 walikuwa wanakufa. Daktari Bjørn Ibsen akashauri kutoboa shingo, kuingiza mpira na kusukuma hewa kwa mfuko unaofinywa na mkono. Wanafunzi karibu 1.500 wakapokezana kufinya mfuko, usiku na mchana. Mwishoni vifo vilishuka hadi kama robo. Hakukuwa na skrini; mwanafunzi alimtazama mgonjwa usoni na kifuani, akafinya kadiri alivyoona.

Mashine ya leo inafanya kazi ya ule mkono, lakini lazima mtu aiambie namna ya kufinya. Hiyo ndiyo inaitwa modi. Kwa modi moja, daktari anapanga kiasi cha hewa, na mashine inatoa kiasi kilekile kila pumzi. Kwa nyingine anapanga presha: mashine inasukuma hadi hapo, na hewa inayoingia inategemea ulaini wa mapafu. Modi ya tatu ni ya kusaidia: mgonjwa anaanza pumzi mwenyewe, mashine inamsukumia kidogo. Ukisikia wamefika kwenye hiyo, mara nyingi ni habari njema, wanajaribu kumtoa polepole.

Kiasi cha hewa si jambo la kukisia. Zamani walikuwa wanajaza mapafu sana, wakifikiri hewa nyingi ni nzuri. Mwaka 2000 utafiti wa Marekani juu ya wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoharibika vibaya ulionyesha kinyume. Waliopewa hewa nyingi, walikufa karibu 40 kwa 100. Waliopewa kidogo, 31 kwa 100. Kipimo kile kidogo ni mililita 6 kwa kila kilo, na kilo hizo zinahesabiwa kwa urefu wa mtu, si kwa mizani, maana mtu akinenepa mapafu hayakui. Mwanaume wa mita 1,70 anapata karibu mililita 400, yaani chupa ndogo ya soda na kidogo juu.

Kuna namba nyingine inaandikwa PEP. Ni presha kidogo inayobakizwa ndani mgonjwa akitoa pumzi. Fikiria puto: likibandikana kabisa, kulipuliza tena ni kazi ngumu, likibaki na hewa kidogo, linafunguka haraka.

Familia inaogopa mambo mawili zaidi. Mgonjwa hasemi: ni kwa sababu mpira unapita katikati ya nyuzi za sauti, ukitolewa, kwa kawaida sauti inarudi. Na alamu inalia. Makohozi yakiziba mpira, presha inapanda. Mpira ukichomoka, inashuka. Mashine inapiga kelele tu, muuguzi ndiye anajua ni lipi.

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Aprili 2020 OMS ilihesabu mashine zisizofika 2.000 katika hospitali za serikali za nchi 41 za Afrika. Lakini mashine inataka oksijeni, umeme, na muuguzi karibu saa 24. Umeme wa SNEL ukikatika, betri inashika muda fulani tu, kisha wanarudi kwenye mfuko wa mkono kama Copenhagen. Mimi ningechagua kwanza oksijeni isiyokatika na wauguzi waliofundishwa, mashine baadaye.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza kiwanja juu ya kumsafirisha mgonjwa, muulize daktari: je, tatizo linaweza kupona? Kule reanimasio kuna kitanda kinachomngoja? Na njiani, ndani ya ndege, nani atashika oksijeni na itatosha saa ngapi?