Gunia lilelile, mizani mbili

MFANYABIASHARA wa mpakani anaujua ugomvi huu: mizani ya upande mmoja inasema gunia lina kilo 100, ya upande wa pili inasema 98. Nani amekosea? Wanafizikia nao wameishi na ugomvi kama huo kwa zaidi ya miaka 20, ila mzigo wao ni chembe iitwayo muoni.

Muoni ni ndugu ya elektroni, lakini ina uzito wa takriban mara 207 zaidi. Huishi sekunde mbili hivi ukizigawa kwa milioni, kisha hutoweka. Nguvu yake ya sumaku inaweza kupimwa kwa mtambo, na pia kukokotolewa kwa nadharia. Majibu hayo mawili yanapaswa kulingana.

Hayakulingana. Maabara ya Brookhaven, New York, ilipima ikapata zaidi ya ilivyosema nadharia. Mwaka 2013 sumaku yake ya duara, yenye upana wa mita 15, ilisafirishwa nzima kwa tishari na lori hadi Fermilab, karibu na Chicago, ili kipimo kirudiwe. Kuzuia upendeleo, mwendo halisi wa saa ya jaribio ulifichwa; walioujua ni watu wawili tu wasio wa kundi hilo.

Aprili 7, 2021 Fermilab ilitangaza jibu: lilikubaliana na la Brookhaven. Tofauti na nadharia ilikuwa kama shilingi mbili katika kila milioni. Wengi walitumaini kuwa ni dalili ya chembe mpya isiyojulikana.

Siku hiyohiyo kundi jingine lilichapisha hesabu iliyofanywa kwa kompyuta zenye nguvu kubwa, na jibu lake lilikuwa karibu na kipimo. Hesabu ya awali ilitegemea takwimu za maabara zinazogonganisha elektroni na pozitroni. Mwaka 2023 kipimo kipya cha Novosibirsk, Urusi, kikapingana na takwimu hizo.

Mwaka 2025 wananadharia wakaiweka kando hesabu ya zamani, wakachukua ya kompyuta. Juni 3 mwaka huo Fermilab ikatoa jibu la mwisho, lenye shaka ya senti 13 tu kwa kila shilingi milioni. Safari hii mizani na daftari vilipatana.

Deni moja limebaki: kwa nini takwimu za migongano hazipatani zenyewe kwa zenyewe? Hilo bado linachunguzwa. Lakini gunia halikubadilika uzito. Kilichosahihishwa ni daftari.