Maziwa Hayaondoi Sumu: Mfanyakazi wa Kemikali Anahitaji Mafunzo

Katika karakana nyingi za kupuliza rangi magari, kuchomelea vyuma na kuchanganya viuatilifu kuna desturi iliyozoeleka: mfanyakazi akimaliza zamu hupewa maziwa, au hujinunulia mwenyewe, ili "kusafisha kifua". Wapo waajiri wanaoyatengea maziwa hayo fedha kila wiki, na wanafanya hivyo kwa nia njema. Kisayansi, desturi hiyo haina msingi. Maziwa yakinywewa hushuka tumboni. Mvuke wa thina, moshi wa kuchomelea na vumbi la risasi huvutwa kwa pua hadi mapafuni, na sehemu yake huvuka kutoka huko na kuingia kwenye damu. Njia hizo mbili hazikutani. Kinachomkinga mfanyakazi ni kuitambua kemikali, kujua inaingiaje mwilini na kuizuia kabla haijaingia. Ujuzi huo hauji wenyewe kwa kukaa kazini miaka mingi. Lazima ufundishwe, na mwajiri anayegawa maziwa bila kutoa mafunzo hajatimiza wajibu wake.

Ukubwa wa tatizo hauonekani kirahisi. Mwaka 2021 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba zaidi ya wafanyakazi milioni moja hufariki kila mwaka kwa sababu ya kukabiliwa na kemikali hatari kazini. Wengi wao hawafi kwa mlipuko wala moto unaotangazwa redioni. Wanakufa kwa saratani, kwa maradhi ya mapafu na ya moyo, mara nyingi miaka mingi baada ya kuacha kazi, wakiwa wamerudi kwao kijijini ambako hakuna daktari atakayeuliza walikuwa wakifanya kazi gani ujanani. Kwa kuwa kifo hakitokei kiwandani, kiwanda huonekana salama, na aliyerithi nafasi ya marehemu huendelea kuvuta hewa ileile.

Hoja inayosikika mara nyingi dhidi ya mafunzo ni kwamba fundi mzoefu hahitaji darasa, kwa kuwa pua na macho yake yamekwisha kumfundisha. Hoja hiyo inavunjwa na kemikali zenyewe. Tuangalie kazi ya kutapisha vyoo na kusafisha makaro ya majitaka. Uchafu unapooza pasipo hewa hutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya yai viza. Kila mtu anaijua harufu hiyo, na wengi huamini kwamba ikipotea, hatari nayo imekwisha. Ukweli ni kinyume chake. Gesi hiyo ikifikia takriban sehemu 100 katika kila sehemu milioni moja za hewa, hupumbaza neva za kunusa ndani ya dakika chache, na harufu hutoweka ilhali gesi ingalipo. Ikivuka sehemu 700, mtu anaweza kuzirai baada ya pumzi chache na kufa. Tena ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini ya shimo, palepale anaposhukia mfanyakazi.

Mwenzake akimwona ameanguka hushuka kumwokoa, naye huanguka. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani ilieleza katika chapisho lake la mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo finyu kama matangi na mashimo walikuwa watu walioingia kuokoa wengine. Hao walikuwa na ujasiri na walijali wenzao. Walichokosa ni somo kuhusu gesi, kipimo cha hewa na kamba ya kumvuta mtu kutoka juu. Uzoefu hauwezi kufundisha jambo hili, kwa sababu anayekosea mara ya kwanza hapati nafasi ya pili.

Zebaki nayo hudanganya, ila kwa namna ya polepole. Wachimbaji wadogo wa dhahabu katika maeneo kama Geita na Chunya hutumia zebaki kunasa chembe za dhahabu, kisha huchoma donge la mchanganyiko huo ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mtu akimeza tone la zebaki kwa bahati mbaya, utumbo hufyonza chini ya sehemu moja katika elfu kumi. Akivuta mvuke wake, takriban asilimia 80 hubaki mwilini. Kwa hiyo kinachotisha kwa macho, yaani tone linalong'aa kiganjani, kina hatari ndogo kuliko kisichoonekana kabisa. Mvuke huo hauna rangi wala harufu, na zebaki huutoa hata pasipo moto, katika joto la kawaida la chumba. Hufika kwenye ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hufifia na mtu huwa mwepesi wa hasira, dalili ambazo jirani atazidhania kuwa ni pombe, uchovu au uzee.

Mchimbaji aliyefundishwa hivyo anaelewa mengine bila kulazimishwa. Anaelewa kwa nini barakoa ya kitambaa, inayozuia vumbi kiasi tu, haizuii mvuke. Anaelewa kwa nini kuchomea dhahabu jikoni kunamdhuru mtoto aliyelala chumba cha pili. Anaona pia faida ya ritoti, chombo kilichofungwa ambacho huupooza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, kwani kikitumiwa ipasavyo hunasa zaidi ya asilimia 90 ya zebaki ambayo ingepotea hewani, naye huitumia tena. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unazitaka nchi zenye uchimbaji wa aina hii kuchukua hatua za kukomesha uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu. Mkataba huo hautafika kwenye mwalo kwa kusainiwa tu. Utafika pale mchimbaji atakapojua sababu yake.

Kuna sumu nyingine zinazopita kwenye ngozi. Kibarua wa shambani anaweza kufunga barakoa vizuri na bado akasumika, kwa kuwa bomba la mgongoni linavuja na shati lake limelowa. Viuatilifu vya kundi la oganofosfeti hupenya ngozi na kuzuia kimeng'enya kinachozituliza neva baada ya kufanya kazi, na neva zikikosa kutulia mwili mzima huhangaika: mate na machozi hutiririka, jasho hutoka, mboni za macho husinyaa, kifua hubana. Mwanzoni, kichwa kinapouma na kichefuchefu kinapoanza, ni rahisi kudhani ni malaria na kumeza dawa isiyohusika. Aliyefundishwa huvua nguo zilizolowa mara moja, huoga kwa maji mengi na sabuni, na hukimbilia hospitali akiwa ameshika lebo ya dawa aliyokuwa akipuliza, ili daktari ajue anatibu nini.

Hata pale mwili unapovumilia kwa miaka, uvumilivu huo si ushahidi wa usalama. Saratani inayosababishwa na vumbi la asbesto huchukua kwa kawaida miaka 20 hadi 40 au zaidi kujitokeza. Anayepuliza rangi za kisasa zenye kigumushio cha isosayaneti anaweza kufanya kazi muda mrefu bila tatizo, kisha kinga ya mwili wake ikabadilika na akaanza kupata pumu kwa kiasi kidogo mno cha mvuke. Anayesema "nimefanya kazi hii miaka 15 na sijaugua" anasema kweli kuhusu jana. Kesho yake hajaijua.

Wengine husema kwamba kazi ya kuonya imekwisha kufanywa na lebo. Ni kweli kwamba dunia imepiga hatua. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha na kuweka lebo kemikali, uliochapishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2003, una alama tisa, kila moja ikiwa picha nyeusi ndani ya umbo la almasi lenye mpaka mwekundu: fuvu kwa sumu kali, moto kwa kinachowaka, kimiminika kinachokula mkono na chuma kwa kinachobabua, kifua cha mtu chenye nyota kwa kinachodhuru viungo vya ndani polepole. Hata hivyo, picha haijielezi yenyewe. Utafiti wa Hanna-Andrea Rother miongoni mwa wafanyakazi wa mashambani Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba zaidi ya nusu yao walizielewa vibaya alama zilizo kwenye lebo za viuatilifu. Lebo pia haifuati kemikali inapomiminwa. Thina hununuliwa kwa chupa ya maji, dawa ya mimea hupimwa kwenye chupa ya soda, tindikali ya betri huwekwa kwenye dumu lililokuwa na mafuta ya kupikia. Hapo onyo lote la kiwandani limebaki dukani.

Mafunzo yanayofaa, basi, ni yapi? Mwaka 2006 Michael Burke na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 95 zilizohusisha karibu watu 21,000, wakalinganisha mbinu mbalimbali za kufundisha usalama kazini. Matokeo yalionyesha kwamba kadiri wanafunzi wanavyoshirikishwa kwa vitendo, ndivyo wanavyoelewa zaidi na ndivyo ajali zinavyopungua. Mhadhara, video na kijitabu vilikuwa na nguvu ndogo zaidi. Kwa karakana zetu maana yake ni hii: mfanyakazi afundishwe kwa Kiswahili au lugha anayoitumia kazini, mbele ya mapipa anayoyashika kila siku. Aone jinsi tindikali inavyomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali, kwa kuwa joto linalozuka hurusha matone usoni. Msafishaji wa ofisi aambiwe waziwazi kwamba jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye tindikali hutoa gesi ya klorini. Kila mmoja ajizoeze kuosha jicho kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, maana siku ya ajali hakuna atakayesoma bango.

Mwenye karakana ndogo atauliza fedha zitoke wapi. Swali lake ni la haki, kwa sababu mafundi wengi wa Afrika Mashariki wako chini ya miti na mabati ya jua kali, si kwenye viwanda vyenye idara ya usalama. Lakini mengi ya yaliyotajwa hapa hayahitaji ukumbi wala mtaalamu wa kulipwa posho. Kubakiza kemikali kwenye chombo chake cha asili, kuweka maji safi karibu, kukataza kula penye rangi, kukutana nusu saa kila wiki kujadili kemikali moja: haya yanahitaji nidhamu zaidi kuliko mtaji. Kwa mambo makubwa zaidi, vyama vya mafundi na ushirika vinaweza kuchangia mkufunzi mmoja, na mamlaka za usalama mahali pa kazi zinapaswa kuwafuata mafundi huko waliko.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba mafunzo yanaweza kugeuzwa kisingizio. Mwajiri akishamwambia kibarua "tulikufundisha", kila ajali huwa kosa la kibarua. Ushahidi unalipa uzito pingamizi hili. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Lynda Robson wa Canada, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalikuta ushahidi thabiti kwamba mafunzo hubadilisha mwenendo wa wafanyakazi, lakini hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba mafunzo peke yake hupunguza magonjwa na majeraha. Ndiyo maana utaratibu unaokubalika wa kinga huanza kwa kuiondoa kemikali hatari, kisha kuibadilisha kwa iliyo nafuu, kisha kuizuia kwa mitambo kama feni za kufyonza mvuke. Glavu na barakoa huja mwisho kabisa. Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilichafua makazi kwa risasi, tatizo lisingemalizwa kwa kuwafundisha vibarua kunawa mikono. Phyllis Omido aliyefanya kazi kiwandani hapo aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi mwilini, na kampeni aliyoiongoza ikamletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka 2014.

Kisa hicho hakipunguzi thamani ya mafunzo. Kinaonyesha yanapaswa kumpa mfanyakazi nini. Mfanyakazi anayejua risasi ni nini ndiye atakayeuliza kwa nini hakuna feni, kwa nini hakuna mahali pa kuoga na kubadili nguo kabla ya kwenda kumbeba mtoto, na kwa nini damu yake haipimwi. Mkataba Namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kemikali, wa mwaka 1990, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1999, unamtaka mwajiri awaarifu na kuwafundisha wafanyakazi wake, na unampa mfanyakazi haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu anapokuwa na sababu ya msingi. Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003, Kenya ina ya mwaka 2007. Haki isiyojulikana na mwenyewe haiwezi kudaiwa, kwa hiyo mafunzo yasiyotaja haki hiyo ni nusu ya mafunzo.

Kwa mwajiri, basi, neno ni moja: fedha za maziwa zihamishiwe kwenye mafunzo, kwenye uingizaji hewa na kwenye vyombo vyenye lebo. Kwa mfanyakazi, usifungue chombo kabla hujajibiwa maswali manne: hii ni kemikali gani, inaingia mwilini kwa njia ipi, inazuiwa kwa nini, na ikinimwagikia nifanye nini. Msimamizi asiyeweza kuyajibu hajawa tayari kukupa kazi hiyo, na una kila sababu ya kusubiri mpaka ayajibu.