Mwenge ukizimwa ndipo utajua mwenyeji ni nani

Hebu kuwa mkweli. Usiku wa Julai 26, 2024 ulikuwa mbele ya runinga ukitazama ufunguzi wa Olimpiki ya Paris, sivyo? Mimi pia. Tulikuwa watu saba kwa sebule moja, sufuria ya chai katikati, kila mtu akitoa maoni kama mtangazaji wa redio. Kule Paris mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa. Badala ya kuzunguka uwanja, wanamichezo walikuwa wanapita kwa mashua kwenye Mto Seine, na sisi macho kodo tukingoja ya Kenya. Ferdinand Omanyala na Triza Atuka wa voliboli walipotokea na bendera, jirani aligonga ukuta kutuomba tupunguze kelele.

Baadaye ubishi ukaanza. Ni sherehe gani ilikuwa kali kuliko zote? Mmoja akasema hakuna kama Beijing 2008, watu 2,008 wakipiga ngoma kwa mpigo mmoja. Mwingine akaapa kwa London 2012, siku Malkia Elizabeth alipoigiza na James Bond kisha ikaonekana kana kwamba ameruka kutoka kwa helikopta. Kuna aliyetukumbusha Sydney 2000, Cathy Freeman akiwasha moto amesimama katikati ya maji, halafu siku kumi baadaye akashinda dhahabu ya mita 400.

Mimi nilinyamaza kwanza, halafu nikasema kitu kilichowaudhi wote. Nitakuambia na wewe, ukitaka unipinge: sherehe ya ufunguzi ni harusi. Si unajua harusi zetu? Kamati inakaa miezi, michango inaitishwa, hema linapambwa, na kila mtu anaenda nyumbani akisifu pilau. Lakini ndoa yenyewe huijui siku hiyo. Rudi baada ya miaka mitano uone kama bado wanaongea.

Kwa hivyo kama wewe ni shabiki, na hasa shabiki Mkenya, acha kulala siku ya mwisho. Sherehe ya kufunga ndiyo yetu. Kwa miaka mingi sasa ni kawaida medali za marathoni kutolewa pale pale, mbele ya dunia nzima, kabla moto kuzimwa. Samuel Wanjiru alivishwa dhahabu hivyo Beijing 2008, dhahabu ya kwanza ya Kenya kwa marathoni ya wanaume kwenye Olimpiki. London 2012 jirani yetu Stephen Kiprotich wa Uganda alichukua dhahabu, Abel Kirui na Wilson Kipsang wakamfuata, ikawa jukwaa zima ni la Afrika Mashariki. Na Tokyo, Agosti 8, 2021? Peres Jepchirchir, kisha Eliud Kipchoge. Wimbo wetu wa taifa ulipigwa mara mbili katika uwanja usio na mashabiki kwa sababu ya korona. Huku kwetu ilikuwa Jumapili mchana. Mimi nilisimama wima kwa sebule, peke yangu, mara zote mbili.

Sasa baada ya wimbo, moto unazimwa na wageni wanaenda. Hapo ndipo swali langu linaanza. Mji unabaki na nini?

Chukua Montreal 1976. Wakenya hawakukimbia huko, maana nchi yetu ilijiunga na zile za Afrika zilizosusia kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Lakini wenyeji walibaki na deni. Walimaliza kulilipa mwaka 2006. Miaka thelathini! Mtoto aliyezaliwa mwaka wa michezo alikuwa mtu mzima anayelipa ushuru deni likiisha. Athens 2004 nayo ilijenga viwanja vya michezo ambayo Wagiriki wengi hawachezi, kama softiboli, na vingine vikaachwa vikaota magugu.

Au chukua Rio. Unakumbuka 2009 Barack Obama aliposafiri hadi Copenhagen kuipigia debe Chicago? Wengi walidhani mambo yameisha. Chicago ikatolewa raundi ya kwanza, Rio de Janeiro ikaishinda Madrid kwa kura 66 dhidi ya 32. Ufunguzi wa 2016 ulikuwa mtamu, na kwetu zaidi, maana usiku huo Kipchoge Keino alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Olympic Laurel, akiheshimiwa kwa kazi yake ya kusomesha na kulea watoto. Lakini miezi michache baadaye uwanja ule ule wa Maracanã ulikuwa umekatiwa stima, nyasi zimekauka na viti vimeng'olewa. Harusi nzuri, ndoa taabu.

Usidhani nachukia Olimpiki. Kuna waliofaulu. Los Angeles 1984 ilitumia zaidi viwanja vilivyokuwepo, ikapata faida ya zaidi ya dola milioni 200. Uwanja wao wa Coliseum ulitumika 1932, ukatumika 1984, na utatumika tena 2028. Ukitazama Ligi Kuu ya Uingereza wikendi na West Ham wako nyumbani, ule ndio uwanja wa Olimpiki wa London. Na Paris, ambako tulicheka mvua? Mto waliousafisha ulifunguliwa kwa raia kuogelea Julai 2025, baada ya marufuku iliyoanza 1923. Kijiji cha wanamichezo kilipangwa tangu mwanzo kiwe makazi na ofisi. Hao walijiuliza swali la siku ya mwisho kabla ya kupanga siku ya kwanza.

Ndiyo sababu miji mingi siku hizi inaogopa. Katika mbio za kuomba Olimpiki ya 2024, Boston ilijiondoa, wakazi wa Hamburg wakakataa kwa kura ya maoni, na Budapest ikajitoa baada ya watu zaidi ya 200,000 kutia saini wakitaka waulizwe kwanza. Wakabaki Paris na Los Angeles pekee, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ikawapa wote wawili kwa mpigo mmoja, 2024 na 2028. Brisbane ilipochaguliwa kwa 2032, haikuwa na mpinzani kwenye kura.

Na Afrika? Tangu 1896 hatujawahi kuandaa Olimpiki ya wakubwa. Cape Town ilijaribu kuomba ya 2004 ikamaliza ya tatu nyuma ya Athens na Rome. Lakini mambo yanasonga. Michezo ya Olimpiki ya Vijana imepangiwa Dakar, Senegal, kuanzia Oktoba 31 hadi Novemba 13, 2026. Itakuwa mara ya kwanza kwa mashindano yoyote ya Olimpiki kufanyika barani. Na tangu Juni 2025 kiti cha rais wa IOC kinakaliwa na Kirsty Coventry wa Zimbabwe, Mwafrika wa kwanza na mwanamke wa kwanza.

Najua unachofikiria. Ati, kwa nini si Nairobi? Wazo si geni. Mwaka 2012 Raila Odinga, akiwa waziri mkuu, alisema Kenya itaomba Olimpiki ya 2024. Na tukiamua tunaweza kujaza uwanja. Kasarani iliandaa Michezo ya Afrika 1987, ikafurika mashabiki kwenye mashindano ya dunia ya chini ya miaka 18 mwaka 2017, na Agosti 2025 ikaandaa fainali ya CHAN. AFCON 2027 inakuja kwetu pamoja na Uganda na Tanzania.

Lakini pia tuseme ukweli wa nyumbani. Tulipokonywa AFCON ya 1996. Tukapokonywa CHAN ya 2018. Na pale Iten, mji ambao dunia nzima inakuja kujifunza kukimbia, Uwanja wa Kamariny ulifungwa ukarabatiwe, kazi ikakwama kwa miaka. Hebu fikiria hiyo. Mtoto wa Iten anayetaka kuwa Jepchirchir anakimbia barabarani akikwepa matatu, halafu sisi tunaota usiku wa fataki Nairobi.

Msimamo wangu ni huu, na siuoni kama ni wa kukata tamaa: tuombe Olimpiki siku moja, ndiyo, lakini ombi letu lianzie mwisho. Kabla ya kuchora jukwaa la ufunguzi, tuonyeshwe nani atacheza kwenye huo uwanja Jumanne ya kawaida, mwaka mmoja baada ya wageni kuondoka. Nani atalipa stima? Nani atakuwa na ufunguo wa lango, na vijana wa mtaa wataingia bure au watafukuzwa na askari? Mji ukijibu hayo bila kumung'unya maneno, hata mimi nitachanga kwa kamati ya harusi.

Los Angeles inakuja 2028. Tazama ufunguzi, piga kelele, jirani agonge ukuta. Ila siku ya kufunga kaa macho, usimame wimbo ukipigwa. Na kesho yake asubuhi, pita kwenye uwanja wa mtaa wenu. Kama bado uko, bila shaka. Angalia magoli kama yana nyavu, na ujiulize tuko tayari kualika nani.