Shelfu yenye soketi: Hesabu wati kwanza, toboa mbao baadaye

NYUMBA nyingi za kupanga, mijini na hata katika miji midogo ya wilayani, zilijengwa kwa hesabu ya taa moja na soketi moja kwa kila chumba. Hesabu hiyo ilitosha wakati mpangaji alikuwa na redio na pasi tu. Leo mfanyabiashara mdogo anayelala chumba hicho ana simu mbili, moja ya familia na moja ya miamala ya fedha, ana mashine ya risiti ya EFD, mizani ya kidijitali na tochi ya kuchaji. Mkulima ameongeza bomba la kupulizia dawa linalotumia betri. Vyote hivi hutaka umeme, na hutaka usiku uleule, kwa sababu asubuhi vinakwenda kazini.

Matokeo yake tunayajua. Ekstensheni moja inachomekwa juu ya nyingine, nyaya zinapita chini ya mkeka, na simu ya biashara inachajiwa sakafuni karibu na ndoo ya maji.

Jawabu ambalo seremala wa kawaida anaweza kulitengeneza ni shelfu ya vipande yenye soketi ndani yake. Kwa shelfu ya vipande nina maana ya masanduku ya vipimo vinavyolingana yanayofungwa pamoja kwa bolti au skrubu. Leo unanunua mawili, baada ya mavuno unaongeza mawili mengine, na yote yanashikana kama kitu kimoja. Wengine hutumia vyuma vya pembe vyenye matundu vinavyokazwa kwa nati, vile vya kwenye stoo za maduka. Mpango ni ule ule: mahali pa kuweka vitu na mahali pa kupata umeme panakuwa pamoja.

Faida yake kubwa kwa mpangaji ni ya kiuchumi kabla haijawa ya urembo. Ukimlipa fundi achimbe ukuta na kukuongezea soketi nne, umeweka mtaji katika nyumba ya mtu mwingine. Siku unapohama, soketi zinabaki, na mpangaji anayekufuata pengine ataongezewa kodi kwa sababu ya fedha yako. Soketi zilizo kwenye shelfu hupanda gari pamoja na godoro. Aidha, mwenye nyumba hana sababu ya kukukatalia, kwa kuwa ukuta wake haujaguswa.

Lakini shelfu hiyo, hata iwe na soketi kumi, inanyonya umeme kwa mdomo mmoja tu, yaani plagi iliyochomekwa ukutani. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Umeme wa nyumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Plagi yetu ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani yake, na fyuzi kubwa inayoruhusiwa humo ni ya ampea 13. Zidisha 230 kwa 13 unapata wati 2,990. Hizo ndizo wati zote za shelfu nzima, na hesabu inasema hivyo tu iwapo soketi ya ukutani na nyaya zilizomo ukutani ni nzima. Katika nyumba ya zamani mimi nisingethubutu kuzikaribia wati hizo kwa saa nyingi mfululizo.

Sasa angalia matumizi. Chaja ya kawaida ya simu hula wati 5 hadi 20. Kompyuta ya mkononi ni kama wati 65, televisheni bapa ya inchi 32 ni kama 50, na chaja ya betri ya volti 12 ya bomba la dawa ni kama 20 hadi 30. Ukivijumlisha vyote, pamoja na simu tano, hufiki wati 300. Shelfu inabeba mzigo huo bila kutokwa jasho. Birika la umeme peke yake, kwa upande mwingine, linaweza kula wati 2,000, na pasi 1,000 au zaidi. Viwili hivyo vikiwaka pamoja kwenye shelfu moja, mmekwisha vuka kikomo kabla hata hamjachaji simu. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza si wa rangi ya mbao. Ni kukubaliana nyumbani kwamba shelfu ni ya vitu vya kuchaji na vya habari, na kwamba chochote kinachopasha moto kitakwenda kwenye soketi ya ukutani. Friji nayo ibaki ukutani, maana mota yake inapoanza kuzunguka hunyakua umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake.

Makubaliano ya mdomo huvunjwa, hasa mgeni anapotaka chai. Ndiyo maana napendelea plagi ya shelfu iwekewe fyuzi ya ampea 3 badala ya ile ya 13 inayokuja nayo dukani. Fyuzi ya ampea 3 ni kwa mzigo wa wati 690 hivi, na hiyo inatosha kabisa kwa kazi tuliyoitaja. Mtu akichomeka birika la wati 2,000, fyuzi inakatika baada ya muda mfupi na hasara yenu ni fyuzi. Isipokuwa tusidanganyane: fyuzi haikatiki pale pale namba yake inapopitwa. Pasi ndogo ya wati 1,000 huvuta ampea 4 na kidogo, na fyuzi ya 3 inaweza kuivumilia kwa muda mrefu. Kwa sababu hiyo waya wa shelfu usichaguliwe kwa kufuata fyuzi hiyo ndogo. Uwe wa kubeba ampea 13 zote.

Kwa waya unaonyumbulika, hiyo ni milimita za mraba 1.25, na 1.5 ni bora zaidi. Ule mwembamba wa 0.75 unaofungwa kwenye ekstensheni nyingi za bei ya chini ni wa ampea 6 tu, hata kama umeungwa kwenye plagi iliyoandikwa 13. Zipo pia ekstensheni ambazo plagi yake ina pini tatu lakini ndani ya waya mna nyuzi mbili tu. Ile ya tatu, ya ardhi, haipo. Fungua plagi uangalie kabla hujalipa. Muuzaji anayekataa plagi isifunguliwe amekwisha kukujibu.

Waya usizungushwe ukabaki kama kamba ya kuteka maji nyuma ya shelfu. Waya uliokunjwa hukosa mahali pa kutolea joto lake. Ukate kwa urefu unaohitajika, ukiacha nafasi kidogo ya kusogeza shelfu wakati wa kufagia.

Kuhusu mbao, mgongo wa shelfu nyingi ni ubao mwembamba wa milimita 3 hadi 6, ambao hauwezi kuishika soketi inayochomekwa na kuchomolewa kila siku. Baada ya miezi michache skrubu zinalegea, na kiungio cha waya kilicholegea ndicho chanzo cha joto na cheche. Soketi ifungwe kwenye ubao wa pembeni au wa kati wenye unene wa milimita 18, ndani ya boksi lake, waya zisionekane. Uso wa soketi moja una milimita 86 kwa 86, na wa soketi mbili 146 kwa 86, hivyo seremala anaweza kupima kabla ya kukata. Tundu la kupitishia waya lisuguliwe kwa msasa au liwekewe mpira, ili ukingo wa mbao usiule waya.

Sipendi kabati lenye milango kwa kazi hii. Chaja hutoa joto, na simu inayochajiwa ndani ya sanduku lililofungwa hupata joto mara mbili. Kama lazima mlango uwepo kwa sababu ya watoto au wezi, basi mgongo uachwe wazi, au matundu yatobolewe chini na juu ili hewa ipande. Betri ya asidi ya bomba la dawa isichajiwe ndani ya mlango kabisa. Betri hiyo inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, inayowaka upesi, na gesi hiyo ikikusanyika sehemu iliyofungwa inasubiri cheche moja tu.

Kwa wakulima wenye duka la pembejeo au wanaohifadhi pembejeo nyumbani, kuna jambo jingine. Mbolea za urea na CAN hunyonya unyevu wa hewani, na vumbi lake lenye unyevu hula shaba. Sehemu za ndani za soketi ni za shaba. Shelfu yenye soketi isipokee mfuko wa mbolea uliofunguliwa, wala chumvi, hata kwa siku moja. Viuatilifu navyo viwe na mahali pake penye kufuli, mbali na chumba cha kulala. Na kama mnahifadhi mahindi, kumbukeni kwamba panya akiwafuata mahindi hutafuna na nyaya. Waya unaopita chini uingizwe ndani ya bomba gumu la plastiki au ndani ya tranki.

Wenye shelfu za chuma wasikubali kazi yoyote bila waya wa ardhi kuungwa kwenye fremu yenyewe. Waya wa moto ukichubuka ukagusa chuma, shelfu nzima inakuwa mtego, kuanzia rafu ya juu hadi ya chini. Kinga ya ziada ni breka ya kukata umeme unaovuja, ya milliampea 30, ambayo mwenye nyumba akikubali inafungwa karibu na meni swichi. Pale ambapo waya wa ardhi wa nyumba haufanyi kazi, mnunue shelfu ya mbao.

Wapo wanaotaka kuitumia shelfu hii kuchaji simu za majirani kwa malipo. Tufanye hesabu. Betri ya simu ya ampea 5, yaani milliampea 5,000, hubeba kama wati 19 za saa moja. Ukiongeza upotevu wa chaja, fanya 25. Simu 40 ndizo zinazomaliza uniti moja. Kwa bei zilizotangazwa mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, mteja mdogo wa nyumbani hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo hulipiwa shilingi 350. Tuseme nyumba inatumia uniti 70, nawe ukachaji simu 20 kila siku. Unaongeza uniti 15 kwa mwezi. Tano za kwanza ni shilingi 500, kumi zinazobaki ni 3,500, jumla 4,000. Ukitoza tuseme shilingi 300 kwa simu, mapato ya siku 30 ni 180,000. Umeme basi si gharama ya kukunyima usingizi, ingawa ni vema kujua kwamba uniti zile kumi zinakula karibu fedha yote ya ongezeko. Mkichangia mita na wapangaji wengine, semeni mapema nani atailipa, maana uniti za bei ya juu zitawaangukia wote.

Gharama ya kweli katika biashara hiyo ni simu za watu. Simu moja ya mteja ikiungua inaweza kumeza mapato ya mwezi mzima au zaidi. Hapa shelfu ya mdomo mmoja ina faida yake: umeme ukikatika, unachomoa plagi moja na simu zote 20 ziko salama dhidi ya umeme unaorudi kwa kishindo. Subiri dakika chache taa zitulie ndipo uchomeke tena.

Kuhusu mafundi, wagawie kazi. Seremala atengeneze mbao na matundu, fundi umeme afunge nyaya. Mafundi umeme hupewa leseni na EWURA, na si uchokozi kuomba kuiona. Seremala wa Keko au wa mjini kwenu atakuambia anaweza yote mawili kwa bei moja. Mwombe bei ya mbao peke yake. Vifaa vya umeme vinunuliwe nawe mwenyewe, vyenye alama ya TBS, na risiti zitunzwe.

Siku ya kuhama, kila sanduku lifunguliwe na kubebwa peke yake. Mtikisiko wa barabara hulegeza skrubu za soketi, hivyo shelfu ikifika isichomekwe usiku ule ule. Fundi afungue vifuniko, akaze kila waya, ndipo fyuzi irudishwe kwenye plagi.