Lamu wakati wa kusi

Mei ikiingia, hoteli nyingi za Shela na Watamu hufunga milango, na wageni huambiwa pwani ya kaskazini mwa Kenya haisafiriki tena mpaka pepo zitulie. Ushauri huo umefunga mambo matatu katika furushi moja: mvua ya masika, upepo wa kusi na mafuriko ya Mto Tana. Kila moja lina kalenda yake, na mara nyingi moja linapofunga njia jingine limeshafungua. Kuuliza kama msimu ni mzuri au mbaya hakumfikishi mtu popote. Aulize atapita maji gani, barabara ipi, na saa ngapi.

Tuanze na bahari. Kusi huingia Aprili hivi na kushika nguvu Juni hadi Agosti, wakati ule mkondo wa upepo aliouchambua mtaalamu wa hali ya hewa Findlater mwaka 1969 unapovuka pwani ya Kenya kuelekea Somalia na Bara Hindi. Maji ya bahari nayo hukimbia kaskazini. Mashua itokayo Lamu kwenda Kiwayu au Kiunga kwa njia ya nje husukumwa na vyote viwili, na hapo ndipo mgeni hudanganyika, kwani kwenda ni mteremko lakini kurudi ni kupiga bisho kutwa nzima, upepo usoni na mkondo chini. Lakini Lamu ina bahari mbili. Ile ya ndani imekingwa na visiwa vya Manda na Pate pamoja na mikoko, na humo kusi hupungua makali. Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, huwawezesha watu wa Siyu, Faza na Kizingitini kufika mjini bila kuikabili bahari kuu. Anayetawala hapo si upepo, ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua tofauti ya maji hupita mita 3, na kwenye pwani hii bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri. Saa nne asubuhi maji yamekupwa kabisa, na boti iliyosheheni abiria inaweza kukwama topeni siku ambayo hata jani halitikisiki.

Barabara ina mambo yake. Kutoka Malindi inapita Garsen, Witu na Hindi hadi gati la Mokowe, na udhaifu wake uko kati ya Garsen na Witu, hasa Gamba na Lango la Simba, inapokatiza bonde la Tana. Sehemu kubwa ya maji yanayoikata hayakunyesha hapo. Yametoka Mlima Kenya na Aberdare, yakajaza mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere, kisha yakachukua siku kadhaa kuteremka hadi delta; ndiyo maana basi linaweza kuzuiwa Garsen jua likiwaka. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipozidi, barabara ilikatika sehemu hizo, na Novemba ni wakati wa matlai, bahari ikiwa shwari. Julai mambo hugeuka: barabara kavu, bahari ya nje imechafuka. Kwa msafiri wa Lamu, tangazo kwamba Masinga imefurika lina uzito kuliko wingu lililotanda juu ya Malindi.

Wapo watakaosema hoja hii inawatia watu ujasiri wa hatari, na kusi huua. Ni kweli huua, na tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa si za kupuuzwa. Lakini kalenda ya watalii nayo huua, kwa kumhakikishia mtu kwamba Januari haina hatari, au kwamba maji ya mafuriko ni salama kwa kuwa si bahari. Aprili 2024 boti iliyokuwa ikivusha abiria kwenye mafuriko ya Tana karibu na Madogo ilizama. Usalama wa barabarani nao, uliotiliwa mkazo tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, haufuati upepo; huo huulizwa kwa polisi, siku ile ile ya safari.

Isitoshe, wengi hawasafiri kwa starehe. Maulidi ya Lamu hufanyika mwishoni mwa Mfunguo Sita, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi, yanazidi kusogea ndani ya kusi. Mwaka 2030 yataangukia Julai. Watu wa Pate hawataahirisha Maulidi kwa sababu hoteli za Shela zimefungwa. Siku hizo mwezi unakaribia kuandama, maji yanaelekea bamvua, kwa hiyo Mkanda utapitika vizuri alfajiri na alasiri. Kilichobaki ni kazi ya kaunti na wenye boti: alama za njia zinazoonekana gizani, jaketi okozi kwa kila abiria, na jedwali la maji libandikwe Mokowe, Lamu na Faza, mahali ambapo mtu ataliona kabla hajalipa nauli.