Je, nyaya za bei ghali huboresha sauti ya santuri za jazi?

WAKUSANYAJI wa santuri za muziki wa jazi wamekuwa wakizozana kwa zaidi ya miongo minne kuhusu suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo: iwapo waya unaounganisha mtambo wa kuchezea santuri na spika unaweza kubadilisha muziki unaosikika.

Mzozo huo si wa maneno matupu kwani unahusu fedha nyingi. Mnamo 2007, jozi moja ya nyaya za spika kutoka kwa kampuni moja ya Marekani ilikuwa ikiuzwa kwa dola 7,250. Waya wa kawaida wa shaba unaofanya kazi iyo hiyo hupatikana katika duka la vifaa vya ujenzi kwa bei isiyofika hata sehemu moja ya mia ya kiasi hicho.

Kwa mkusanyaji wa kipato cha wastani, kila shilingi inayoishia kwenye waya ni shilingi ambayo haitanunua santuri. Ndiposa ni muhimu kutenganisha kinachojulikana na sayansi na kinachonadiwa na wauzaji.

Kinachosakwa na wakusanyaji

Thamani ya santuri ya jazi hutegemea zaidi ya nyimbo zilizomo. Mfano bora ni kampuni ya Blue Note, iliyoanzishwa jijini New York mwaka wa 1939 na Alfred Lion, mhamiaji kutoka Ujerumani, akishirikiana na Max Margulis.

Kuanzia miaka ya hamsini, santuri nyingi za kampuni hiyo zilirekodiwa na Rudy Van Gelder, ambaye riziki yake ya mchana ilikuwa kupima watu macho. Hadi mwaka wa 1959 alirekodi wanamuziki katika sebule ya nyumba ya wazazi wake mjini Hackensack, jimbo la New Jersey, kabla ya kujenga studio yake mjini Englewood Cliffs.

Mkusanyaji aliyebobea akiishika santuri ya Blue Note huitazama kwanza sehemu laini iliyo karibu na karatasi ya katikati. Huko hutafuta alama ya Van Gelder na ile inayofanana na herufi P, ambayo ni ishara ya kiwanda cha Plastylite. Husoma pia anwani iliyochapishwa kwenye karatasi hiyo, kwa sababu ilibadilika kadiri kampuni ilivyohama. Baada ya Blue Note kuuzwa kwa kampuni ya Liberty mwaka wa 1966, alama ya Plastylite ilitoweka kwenye santuri mpya.

Kwa sababu ya ishara hizo ndogo, nakala mbili za albamu moja zinaweza kutofautiana kwa bei kama mbingu na ardhi. Nakala ya awali ya albamu ya mwaka wa 1957 ya mpiga saksafoni Hank Mobley, yenye nambari 1568, huuzwa kwa maelfu ya dola, ilhali nakala zilizochapishwa upya hupatikana kwa makumi tu.

Wapenzi wa Kiswahili nao wana santuri zao za kusaka. Mpiga piano Randy Weston alirekodi albamu ya “Uhuru Afrika” mwaka wa 1960 kwa maneno yaliyotungwa na mshairi Langston Hughes, na ndani yake husikika Kiswahili kikisomwa na Tuntemeke Sanga kutoka Tanganyika. Serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini iliipiga marufuku mwaka wa 1964.

Miaka michache baadaye Herbie Hancock na wenzake walijitwalia majina ya Kiswahili. Yeye alijiita Mwandishi, na hilo likawa jina la albamu ya mwaka wa 1971. Mpiga ngoma Billy Hart aliitwa Jabali, naye mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye pia ni daktari, akaitwa Mganga.

Mtu aliyegharamika hivyo kuipata santuri hutaka kuisikia ipasavyo, na hapo ndipo muuzaji wa nyaya humkuta.

Waya hufanya nini?

Waya wa spika una kazi moja tu: kupitisha umeme kutoka kwa amplifaya hadi kwenye spika. Jambo kuu linaloweza kuathiri kazi hiyo ni ukinzani, yaani kiwango ambacho waya hupinga mkondo wa umeme. Ukinzani huongezeka waya unapokuwa mrefu au mwembamba.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ule ule ambao mafundi wa stima huutumia kuunganisha soketi za nyumbani. Spika ikiwa umbali wa mita 5, umeme husafiri jumla ya mita 10 kwenda na kurudi, na ukinzani wote huwa takriban omu 0.07. Spika ya kawaida ina omu 8. Kwa hivyo waya huchukua chini ya asilimia moja ya nguvu, na sauti hupungua kwa takriban desibeli 0.07. Hata masikio yaliyozoezwa hayatambui upungufu mdogo kiasi hicho.

Baadhi ya nyaya ghali hutengenezwa kwa fedha badala ya shaba. Ni kweli fedha hupitisha umeme vyema zaidi, lakini kwa takriban asilimia sita pekee. Anayetaka kupunguza ukinzani kwa kiasi hicho anaweza kununua waya wa shaba ulio mnene kidogo zaidi.

Kuna wale wanaouza hata nyaya za kuunganisha mtambo na soketi ya ukutani kwa maelfu ya dola. Umeme wa mvuke unaozalishwa Olkaria husafiri makumi ya kilomita kwenye nyaya za kawaida na kupitia transfoma kadhaa kabla ya kuifikia nyumba ya mkazi wa Nairobi. Ni vigumu kueleza jinsi mita moja ya mwisho inavyoweza kuutakasa.

Isitoshe, biashara ya nyaya maalumu za muziki ilishika kasi mwishoni mwa miaka ya sabini, pale Noel Lee alipoanzisha kampuni ya Monster Cable nchini Marekani mwaka wa 1979. Kabla ya hapo wengi walitumia waya wa aina ya ule wa taa ya mezani. Hii ina maana kwamba santuri zinazosifiwa zaidi za miaka ya hamsini na sitini zilirekodiwa, zikachanganywa na kuchongwa bila nyaya hizo.

Majaribio yasemavyo

Njia ya haki ya kumaliza ubishi ni kumsikilizisha mtu muziki bila kumjulisha ni waya upi unaotumika. Sharti jingine ni kwamba kiwango cha sauti kiwe sawa kabisa, kwa sababu mwanadamu huelekea kuiona sauti iliyo juu kidogo kuwa ndiyo bora.

Mwaka wa 1983, jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha matokeo ya jaribio la aina hiyo. Wasikilizaji waliweza kuutambua waya mwembamba sana, kwa kuwa ulipunguza sauti. Hata hivyo, waya mnene wa kawaida ulipopambanishwa na ule wa bei ya juu katika muziki, hawakuweza kuutofautisha kwa njia ya kuaminika.

Mnamo 2007, mwanamazingaombwe James Randi, aliyejulikana kwa kufichua ulaghai, alisema dola milioni 1 zilizotengwa na wakfu wake zingemwendea yeyote ambaye angetofautisha zile nyaya za dola 7,250 na za kawaida katika jaribio lililosimamiwa vyema. Pande husika hazikuafikiana, na jaribio hilo halikufanyika.

Wanaozitetea nyaya hizo hudai kwamba majaribio ya haraka humchosha msikilizaji, na kwamba sikio huhitaji majuma kadhaa kuzoea. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini haizuii uchunguzi. Mtu anaweza kufungiwa waya usioonekana nyumbani kwake kwa mwezi mzima, kisha aulizwe ni upi.

Kwa nini basi watu husikia tofauti?

Haifai kuwakejeli wanaosema wamesikia mabadiliko, kwani wengi wao hawadanganyi. Mwaka wa 2008, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi ambapo watu walionjeshwa mvinyo ule ule mara mbili, kila mara ukitajwa kwa bei tofauti. Walioonja waliupenda zaidi ulipotajwa kuwa ghali, na picha za ubongo zikaonyesha shughuli zaidi katika sehemu inayohusishwa na raha. Raha hiyo ilikuwa ya kweli, ingawa mvinyo haukuwa umebadilika.

Wahenga walishayaona hayo waliponena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtu akishatoa fedha nyingi, huketi na kusikiliza kwa makini kuliko alivyowahi, na umakini huo humfunulia mambo ambayo yalikuwamo kwenye santuri tangu awali.

Ulimwengu wa wakusanyaji ulipata funzo chungu mwaka wa 2022. Ilibainika kwamba kampuni ya Mobile Fidelity ya California, iliyosifika kwa santuri zilizochongwa kutoka kwenye kanda asilia, ilikuwa ikitumia hatua ya kidijitali katika baadhi ya kazi zake tangu mwaka wa 2011. Miongoni mwa waliozinunua ni watu walioamini kwamba wangeitambua sauti ya kidijitali papo hapo. Siri hiyo ilifichuka kupitia maswali, wala si kupitia masikio.

Tofauti zilizo za kweli

Hayo hayamaanishi kwamba sauti zote ni sawa. Albamu ya “Kind of Blue” ya Miles Davis ilirekodiwa mwaka wa 1959 katika studio ya Columbia jijini New York. Mtambo mmoja wa kanda uliotumika ulikuwa ukizunguka polepole kuliko ilivyostahili. Kwa sababu hiyo, nyimbo tatu za upande wa kwanza zilipochezwa kwa kasi sahihi zilisikika zikiwa juu kidogo ya sauti halisi.

Kasoro hiyo ilirekebishwa katika matoleo ya miaka ya tisini, baada ya kutumia kanda ya akiba iliyorekodiwa kwa kasi sahihi. Kwa hivyo, anayemiliki nakala ya kwanza yenye thamani kubwa humsikia Davis kwa sauti isiyo yake, ilhali mwenye diski rahisi ya matoleo hayo humsikia ipasavyo. Hakuna waya uwezao kuirekebisha kasoro hiyo.

Vilevile, kabla ya mwaka wa 1954 kampuni mbalimbali zilikuwa na vipimo vyao vya kupunguza sauti nzito na kuongeza nyembamba wakati wa kuchonga santuri. Baada ya hapo zilianza kufuata kipimo kimoja. Santuri ya mwaka wa 1950 ikichezwa kwa mtambo wa kisasa bila marekebisho huenda ikasikika vibaya, na tofauti hiyo husikika bila kusingiziwa.

Hata waya wenyewe una mahali ambapo ni muhimu, nako ni kati ya sindano na amplifaya. Kichwa cha sindano cha kawaida hutoa takriban millivolti 5, kiwango kilicho chini mara 48,000 kuliko volti 240 za soketi ya ukutani. Umeme mdogo hivyo huingiliwa kwa urahisi na mvumo, na ndiyo maana waya huo huhitaji kukingwa vyema.

Aidha, waya huo huhifadhi chaji kidogo ya umeme, hali iitwayo kapasitansi. Ikizidi, hubadilisha sauti nyembamba kama ile ya matoazi. Hata hivyo, tiba yake ni waya mfupi wenye kapasitansi ndogo, na bei si kigezo. Mita moja ya waya rahisi huenda ikafaa kuliko mita tatu za waya ghali.

Fedha ziende wapi?

Jambo la kwanza ni sindano. Ncha ya almasi huchakaa baada ya mamia ya saa za kuchezwa, na ikichakaa hukwaruza mifereji ya santuri. Mwenye waya ghali na sindano kuukuu anaharibu mali yake kila jioni.

La pili ni kutumia sindano inayofaa. Mifereji ya santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo bado zimo katika makabati ya familia nyingi za Afrika Mashariki, ni mipana kuliko ile ya santuri zilizoanza kuuzwa na Columbia mwaka wa 1948. Sindano nyembamba huelea chini ya mfereji huo na kuokota vumbi na makelele.

La tatu ni usafi. Vumbi na alama za vidole husikika kama mlio wa kupasuka, na kitambaa laini pamoja na maji yaliyosafishwa huondoa mengi ya hayo. La nne ni mahali pa kuweka spika: kuisogeza mbali na ukuta au kona hubadilisha sauti nzito kwa kiasi ambacho kila aliye chumbani atakisikia, na hakugharimu hata senti.

Kuhusu waya wa spika, inatosha uwe wa shaba, uwe mnene kiasi na uungwe kwa nguvu pande zote mbili. Kinachosalia mfukoni ndicho kitakachomnunulia mkusanyaji albamu ambayo hajawahi kuisikia.