Si Kila Homa Ni Malaria



Hapa Uvira, mtu akisema "niko na homa", jirani anajibu mara moja: "Ni malaria hiyo." Mara nyingi ni kweli, maana mbu ni wengi kando ya ziwa na katika bonde la Ruzizi. Lakini kuna homa zingine zinazoletwa na bakteria, nazo pia zinapitia wadudu wanyonya damu. Dawa ya malaria haiziponyi hata kidogo. Leo tuzungumze juu ya mbili.

1. TIFUSI, HOMA YA CHAWA

Tusichanganye tifusi na tifoidi. Tifoidi inaingia kwa chakula na maji machafu. Tifusi inaletwa na chawa wa nguo. Chawa huyu anakaa katika mishono ya nguo na anatoka mara kadhaa kwa siku ili anyonye damu. Akimnyonya mgonjwa, bakteria zinaingia tumboni mwake na kuzaana humo.

Wengi wanafikiri kwamba anaambukiza kwa kuuma. Sivyo! Bakteria zinatoka katika mavi yake. Mtu anajikuna, ngozi inachubuka, na mavi yale yanaingia. Tena chawa hapendi mwili wenye homa kali wala maiti. Anahamia kwa yule anayelala karibu.

Munganga mmoja Mfaransa, Charles Nicolle, aliona huko Tunis kwamba wagonjwa wa tifusi waliambukiza watu hata mlangoni mwa hospitali. Lakini wakiisha kuogeshwa na kuvuliwa nguo zao, hawakuambukiza tena. Basi akatambua kwamba adui yuko katika nguo. Mwaka 1909 alionyesha kwamba ni chawa, na mwaka 1928 akapewa Tuzo ya Nobel.

Jambo hili si la mbali. Ng'ambo ya Ruzizi, katika Burundi, vita ilianza mwaka 1993 na watu wengi walikimbia nyumba zao. Walisongamana kambini, bila sabuni, bila nguo za kubadili. Mwaka 1995 tifusi ilionekana katika gereza la Ngozi. Mwaka 1997 ilikuwa imeshika makumi ya maelfu ya watu. Waliiita "sutama", kwa sababu maumivu yalimfanya mgonjwa akae amechuchumaa. Na dawa ilikuwako: doksisiklini, dozi moja tu. Shida ilikuwa kuitambua homa mapema na kuwafikia watu wote.

2. HOMA YA KIMPUTU

Mwalimu wa biolojia atatukosoa: kimputu si mdudu kamili, ana miguu minane kama buibui. Wengine wanamwita papasi. Mchana anajificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku anatoka, ananyonya, kisha anarudi. Anaweza kukaa miaka bila kula.

Homa yake ina alama moja: inapanda siku chache, inaisha, mtu anasema "nimepona", halafu inarudi. Ni hatari sana kwa mama mwenye mimba. Waganga wawili, Dutton na Todd, waliichunguza katika Kongo yetu, nao wote wawili wakaipata. Dutton alikufa Kasongo, Februari 1905, akiwa na miaka 28 tu. Bakteria hiyo inaitwa Borrelia duttonii, kwa jina lake.

TUFANYE NINI?

– Tufue nguo na mashuka kwa maji ya moto, na kupiga pasi kwenye mishono.
– Tusiazimane mashati na mablanketi.
– Tuzibe nyufa za nyumba, na tusilale chini.
– Homa ikirudi baada ya dawa ya malaria, turudi kwa munganga na kuomba damu ipimwe. Tone lile lile linalotafutiwa malaria linaweza kuonyesha bakteria ya kimputu chini ya mikroskopi.

Neno la mwisho. Mwanafunzi akikutwa na chawa, wenzake wanamcheka, naye anaficha. Akificha, chawa wanahamia kitanda cha pili, na cha tatu. Basi tusimcheke. Tumpe sabuni, tumsaidie kuchemsha maji.